Siku moja kitaluni Bububu, Unguja: mimi na sentipolia

Saa 12 asubuhi, nyumbani

Nikishaswali napita dirishani kabla ya chai. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta nene za mawe na chokaa, na dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi kidogo tu kabla halijazibwa na nyumba ya jirani. Hapo ndipo pahala pa sentipolia zangu mwenyewe, maua madogo ya kupandwa chunguni. Natia kidole kwenye udongo: ukiwa na unyevu naziacha, ukikauka juu natia kichungu kwenye sahani ya maji kinywe kwa chini, na baada ya nusu saa namwaga yaliyobaki. Chai, boflo, natoka.

Saa 1:15

Daladala ya 502 kwenda Bububu. Imejaa, kama kawaida.

Saa 2

Kazi ya nje kwanza, maana jua la kaskazi halisubiri: asumini, bogenvilia, milangilangi ya mahoteli. Mpira wa maji, na magugu.

Saa 3 na nusu

Sasa naingia banda la makuti, na hapa siharakishwi na mtu. Sentipolia ziko juu ya meza upande usiopigwa na jua. Maji yake nimeyaacha kwenye ndoo tangu jana yawe na joto sawa na hewa. Ya kisima asubuhi ni baridi, na yakidondokea jani lenye joto huacha mabaka meupe yasiyofutika. Ya tangi la juu ya paa mchana yanaunguza. Bora kuliko yote ni ya mvua, kwa sababu visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hujikusanya kwenye mdomo wa chungu ikakata vikonyo vya majani vinavyoegemea hapo. Kila chungu chenye ukingo mweupe nakisugua.

Majani yana manyoya mafupi yanayoshika vumbi. Siyaoshi, nayapiga brashi laini ya rangi. Maua yaliyonyauka nayakata na kikonyo chake, yasije yakaoza katikati ya mmea. Nikiona wadudu weupe kwapani mwa majani, nawagusa mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti na kukitenga chungu mbali na wenzake.

Saa 5

Kaja bibi mmoja na mjukuu wake. Kainama, kavuta pumzi.

“Mwanangu, mbona halinukii?”

“Halina harufu, bibi. Uzuri wake ni wa macho.”

Kwetu, ua lisilonukia ni jambo la kuulizwa. Mtu kazoea asumini na vikuba. Mjukuu akasema ni la Ulaya hilo. Hapo sikuweza kunyamaza. Kwao ni ng'ambo ya mkondo tu, Tanga na milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliliona, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen kule Hanover, akaliita Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza kwenye jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja) ya Streptocarpus, ila jina la zamani limeganda midomoni. Ulaya na Marekani wamezalisha aina chungu nzima, nyeupe, waridi, za kujikunja, na ndizo zinazoturudia.

Nikawaeleza na kule porini linavyoishi: kwenye nyufa za mawe, chini ya kivuli cha msitu. Msitu ukifyekwa, jua linalikuta juu ya jiwe na linakufa. Ndiyo maana sipokei mche uliong'olewa msitu wa Amani kule Usambara wala pengine popote msituni, hata ukiletwa bure. Jani moja la mmea wa nyumbani latosha.

Bibi alinunua la zambarau.

Saa 7

Adhuhuri, wali na mchuzi wa samaki, na mapumziko kidogo.

Saa 9

Kupanda majani, kazi niipendayo kuliko zote. Nachagua jani la safu ya kati, si kongwe wala changa, nakata kikonyo mshazari na kubakiza kama sentimita 3. Udongo wake nauchanganya mwepesi: vumbi la makumbi, mchanga mnene uliooshwa, mkaa uliopondwa. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba siyatumii, yamelewa maji ya bahari. Juu nafunika chupa ya maji iliyokatwa. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, vichipukizi baada ya miezi miwili mitatu, na ua la kwanza hutaka subira zaidi. Joto la sasa hupunguza maua. Likija kusi, kukapoa, zinachanua vizuri zaidi.

Saa 11 jioni

Nafunga banda, narudi mjini.

Saa 2 usiku

Shoga yangu wa Mwanakwerekwe kaniletea picha kwenye simu: majani yamelala, na yeye kila siku anamwagilia akidhani kiu. Nikamwambia aguse udongo. Umelowa chapachapa. Mizizi imeoza, shoga. Asitie tena maji, akate majani mawili yaliyo mazima bado, ayaweke kwenye mchanganyiko mpya kesho asubuhi, na kichungu akitoe kwenye ile sahani inayotuama maji. Kauliza kama aliweke juani lipate nguvu. Hapana. Karibu na dirisha, nyuma ya pazia jepesi, mbali na feni.