Supu Iliyokatika Usiku wa Pasaka

Utumbo wa mwanakondoo una namna yake ya kuoshwa. Unaupitisha kwenye kijiti, unaugeuza ndani nje, unausugua kwa chumvi na limau, unasuuza, unarudia mpaka maji yatoke meupe. Kazi hiyo naijua tangu Tanga. Ndiyo maana Barba aliponikuta kwenye sinki naifanya, siku mbili kabla ya Pasaka ya Wagiriki ya mwaka 2002, aliacha kuniita “wa vyombo” akaniita *pedi mu*, mwanangu.

Barba si jina lake. Ndivyo Wagiriki wanavyomwita mtu mzima wa makamo ya mjomba, nasi sote jikoni tulimwita hivyo, hata wapishi wawili wa Kimexico ambao aliongea nao Kihispania kibovu kuliko Kiingereza chake. Aliingia Chicago mwaka 1967 akitokea kijiji cha milimani huko Arcadia, akaoshea vyombo mgahawa wa mjomba wake, kisha akafungua wake karibu na mtaa wa Halsted. Mkewe, Kyria, alikaa kwenye kaunta ya pesa. Senti haikumpita.

Wagiriki wa Kiorthodoksi hukaa siku arobaini na zaidi bila nyama, na wanaporudi kutoka kanisani usiku wa manane wa Pasaka hufungua kwa supu iitwayo *magiritsa*: utumbo, ini na moyo wa mwanakondoo, vitunguu vya majani, mchele, na majani membamba yenye harufu ya kukaribia shamari. Mimi Mwislamu sikuhitaji maelezo marefu. Ile ni futari. Barba alikuwa na lalamiko moja kila mwaka: mapafu. Marekani ilipiga marufuku kuuza mapafu ya mifugo kwa chakula tangu 1971, na kwake magiritsa bila mapafu ilikuwa nusu supu.

Kinachoikamilisha ni mayai na limau. Unapiga mayai na maji ya limau, unaongeza mchuzi wa moto upawa kwa upawa huku unapiga, ndipo unarudisha vyote kwenye sufuria. Ikishafika hapo haitakiwi kuchemka. Saa tano usiku Barba alimaliza, akavaa suti, akaniambia, “Moto mdogo. Usiguse.” Akaenda kanisani na Kyria.

Nikagusa.

Kwetu supu isiyotoa moshi ni aibu kumpa mgeni. Niliona imepoa, wageni wako njiani na kibaridi kile cha Chicago kisichojua kuwa ni Mei, nikaongeza moto, nikarudi kwenye glasi zangu. Nilipogeuka, uso wa sufuria ulikuwa umejaa mapande meupe yanayoelea juu ya maji ya njano. Imekatika. Mtu wa pwani anaijua sura hiyo: ni tui la nazi lililoachwa lichemke bila mkono. Mama angenichapa na upawa wenyewe. Miaka yote nimesimama kando yake nikiambiwa koroga, halafu nakuja kuaibika ughaibuni kwa kosa lile lile!

Barba aliingia na mshumaa uliowashwa kanisani, ameukinga kwa kiganja. Kwanza aliuinua mlangoni, akachora msalaba wa moshi juu ya kizingiti. Halafu akaangalia sufuria. Akanitazama mimi. Alitoa neno moja la Kigiriki ambalo sitaliandika, akauchomeka mshumaa kwenye bakuli la chumvi, akavua koti.

Nje watu walikuwa wameshajaa, wanagonganisha mayai mekundu na kuambiana *Christos Anesti*, Kristo amefufuka. Kyria akawatuliza kwa mkate na jibini. Sisi tukachuja mchuzi kwa kitambaa. Mayai kumi na mawili mapya. Barba akanipa uma, yeye akashika upawa. Anamimina kidogo, ananitazama mkono, anamimina tena. Nilikuwa na hofu hata sikujua kama naongea, mpaka aliposimamisha upawa hewani.

“Unasema nini?”

“Koroga.”

“Ndiyo nini?”

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaendelea kumimina. Supu ilifika mezani saa saba, na hakuna mteja aliyejua kitu.

Yale mapande ya mayai hakuyatupa. Barba alikuwa mtoto wa njaa ya wakati wa vita, na chakula kwenye pipa kilimuuma mwilini. Saa tisa, milango imefungwa, aliyanyunyizia chumvi na limau, akamega mkate, tukala tumesimama. Yalikuwa matamu, kusema kweli.

Nilikaa pale miaka miwili zaidi. Mpishi yeyote aliyepeleka mkono taratibu kwenye mchuzi wa maziwa au kwenye wali alipigiwa ukelele kutoka upande wa pili wa jiko: “Koroga!” Wamexico wale waliamini ni Kigiriki, na mimi sikuwasahihisha.