Mrudishieni Santhi medali yake ya fedha

Kila mjadala wa huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume kamili, ukizuka kwenye kundi letu la WhatsApp la makocha wa shule, mmoja anamtaja Semenya wa Afrika Kusini, mwingine Wambui wetu wa Kenya, wote wakimbiaji wa mita 800, kisha matusi yanaanza. Mimi huwapeleka India, kwa mkimbiaji Santhi Soundarajan.

Kwao ni Kathakkurichi, kijiji cha Tamil Nadu. Ni Mdalit, tabaka linalodharauliwa kuliko yote India, na wazazi wake walikuwa vibarua wa tanuri la matofali. Desemba 2006, kwenye Michezo ya Asia kule Doha, alimaliza mita 800 kwa 2:03.16 akachukua fedha. Aliyewahi kukimbia mizunguko hiyo miwili anajua mita 150 za mwisho zinavyochoma mapaja. Pale hafiki mtu kwa bahati. Mara akapimwa jinsia, ikatangazwa ameshindwa, akavuliwa medali. Msichana aliyelelewa kama msichana, siri ya mwili wake ikawa habari ya nchi nzima.

Waziri kiongozi wa jimbo, Karunanidhi, hakumtupa. Alimpa rupia milioni 1.5 na televisheni. Televisheni, jamani! Chombo kilekile kilichomwanika. Mwaka 2007 alijaribu kujitoa uhai. Kufikia 2012 alikuwa kibarua kwenye matofali kama wazazi wake.

Dutee Chand, mkimbiaji mwingine wa India, wa jimbo la Odisha, alifungiwa 2014 kwa sababu homoni zake za kiume zilizidi kiwango. Yeye alipata watu wa kumsimamia, kesi ikafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, 2015 kanuni hizo za homoni zikasimamishwa, na Olimpiki ya Rio akakimbia. Santhi hakuwa na wakili wakati ule. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi.

Nafuu kubwa imetoka huko huko Tamil Nadu. Aprili 2019 Jaji Swaminathan wa Mahakama Kuu ya Madras, akiwa na kesi ya mwanamke aliyebadili jinsia ambaye ndoa yake ilikataliwa kusajiliwa, alikwenda mbele zaidi: watoto huntha wasipasuliwe ili wafanane na wavulana au wasichana. Agosti serikali ya jimbo ikatoa amri hiyo, isipokuwa pale uhai uko hatarini. Sheria ya taifa ya mwaka huohuo, kwa upande wake, imewatia huntha kapu moja na watu waliobadili jinsia, wakati wengi wao hawajabadili chochote.

Santhi sasa ni kocha aliyeajiriwa na jimbo. Medali hajarudishiwa. Kocha mwenzangu akauliza: je, yule Mkazakhstani aliyepandishwa nafasi ya pili anyang'anywe? Hapana, wapeni wote wawili. Olimpiki ya Tokyo, waruka juu Barshim na Tamberi waligawana dhahabu na mashindano yakaendelea.