Kazi Iliyobaki Ijumaa

Wapendwa, Sabato njema.

Hapa Bagamoyo anayetutangazia Sabato ni muadhini. Bahari yetu iko mashariki, jua linazama nyuma ya mji, huko kwenye minazi, kwa hiyo aliye ufukweni halioni likitua. Ila adhana ya magharibi ikisikika, sisi wakaanga samaki tunaosali Jumamosi tunajua siku imekwisha. Majirani wanakwenda kuswali, nami nazima jiko.

Ijumaa iliyopita mashua zilichelewa. Vibua nilivipata saa kumi na moja jioni. Muadhini anaanza, mafuta ndiyo kwanza yanachemka vizuri karaini, na nusu ndoo haijaguswa. Nikazima moto. Vibua nikamwachia jirani wa meza ya pili ("Shoga, wewe nenda, usinune," akaniambia), nikaondoka nimenuna hivyo hivyo. Njiani nikajisikia namwambia Mungu: na hii uiandike.

Hapo nikashtuka. Kumbe miaka yote hii Sabato nimeifanya kibubu! Kila Ijumaa natumbukiza hasara yangu, nikingoja siku ya mwisho kivunjwe nikabidhiwe wokovu. Waefeso 2:8-9 imekivunja mapema: tumeokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo.

Sasa Sabato ni ya nini? Kutoka 31:13 inaiita ishara, ili tujue kwamba Bwana ndiye atutakasaye. Yeye, si karai lililosuguliwa kabla ya magharibi. Adamu aliumbwa siku ya sita. Siku yake nzima ya kwanza duniani ilikuwa ya kupumzika, naye hajalima hata tuta moja. Na tazameni lugha yetu: siku ya saba ya Biblia sisi tunaiita Jumamosi, yaani mosi. (Najua hesabu hiyo inaanzia Ijumaa ya majirani zetu, msinirushie mawe.) Kwa Adamu ilikuwa mosi kweli. Alianza kwa kupewa.

Kumbukumbu la Torati 5:15 ina sababu nyingine: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri, Bwana akakutoa. Mstari huo haupitwi haraka ukiwa mji huu. Watu walifikishwa pwani hii na minyororo shingoni, wakasubiri vyombo vya kuwavusha kwenda Unguja. Kwao Ijumaa na Jumatatu zilikuwa moja. Mtumwa hawezi kujipa mapumziko mpaka atokee wa kumtoa.

Ila walionituliza mimi hasa ni wale wanawake wa Luka 23. Yesu amesema "Imekwisha", ameshushwa msalabani, amezikwa Sabato ikikaribia kuingia. Wanawake waliotoka naye Galilaya wakafuata nyuma, wakaliona kaburi na jinsi mwili ulivyowekwa. Wakarudi kutayarisha manukato na marhamu. Sabato ikawakuta kazi ile haijafanyika. Mimi niliacha vibua. Wao waliacha mwili wa Bwana wao, ambaye mikono yao ilikuwa inawasha kwenda kumpaka. Wakastarehe, Luka anasema, kama ilivyoamriwa. Huwa nawaza harufu ya yale manukato ndani ya nyumba siku nzima, kila mmoja akiyapita pembeni bila kuyagusa. Na kule kaburini naye Yesu amepumzika, kama Baba alivyopumzika alipomaliza kuumba.

Siku ya kwanza ya juma, alfajiri sana, wakayabeba wakaenda kumalizia kazi yao. Wakalikuta jiwe limevingirishwa. Wakaingia, manukato mikononi, na hapakuwa na mwili wa kupaka.