Mpe mhitimu wa biashara faili la miamala

Msimu wa mahafali ukikaribia, huwa nawawaza wahitimu wa biashara ambao vyeti vyao vina somo la uchumi wa kidijitali, lakini hawajawahi kukaa na faili la miamala ya duka. Ningewaanzishia hapo, kabla ya akili unde na matangazo ya mtandaoni.

Chukua duka la jumla Kariakoo, Dar es Salaam. Wateja wanalipa taslimu, benki na kwa Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kupokea malipo ya simu. Taarifa ya miamala inapakuliwa kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, na kosa la kwanza linatokea palepale: mtu analibofya mara mbili. Excel inazichukulia namba za simu kama kiasi, sifuri ya mbele inapotea. Namba ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12, inageuka kitu kama 9.91E+11; ukilihifadhi tena faili hilo kama CSV, tarakimu zilizofichika zimekwenda. Kompyuta ikiwa na mpangilio wa Kimarekani, 03/04 inasomwa Machi 4, na 13/04 inabaki maandishi matupu. Afadhali ufungue Excel tupu, uingie Data, ulete faili kutoka humo, na safu za namba na tarehe uzitambulishe kama maandishi kwanza.

Kisha kuna kulinganisha na daftari la mauzo, na hapa ndipo pa kukaa wiki nzima. Usilinganishe kwa kiasi; wateja wengi watalipa 10,000 siku moja. Linganisha kwa namba ya muamala. Ukitumia VLOOKUP, fomula ya Excel inayotafuta namba kwenye jedwali jingine, andika FALSE mwishoni. Ukiiacha, fomula inatafuta kinachokaribiana na inaweza kukupa jibu la uongo bila kuonyesha kosa lolote. COUNTIF, fomula ya kuhesabu, itakuonyesha namba zilizojirudia.

Makosa ya kihasibu ni mazito zaidi. Mteja amelipa 50,000, mtandao umekata ada, mhitimu anaandika mauzo kwa kilichobaki: mauzo yamepungua na gharama haionekani popote. Pesa ikihamishwa kwenda benki inaingia kwa mkupuo, naye anaiandika mauzo mara ya pili. Muamala uliorudishwa kwa mteja unasahaulika kabisa.

Zoezi ninalolipendekeza: mistari 400, makosa 12 yaliyopandwa kwa makusudi, saa 3. Halafu nusu ukurasa wa Kiswahili kumweleza mwenye duka pesa yake imepungulia wapi. Sehemu hii ya mwisho naijali sana, kwa sababu masomo yamefundishwa kwa Kiingereza na mwenye duka anataka maelezo atakayoyafanyia kazi kesho asubuhi.

Majina na namba za simu za wateja zibadilishwe kabla faili halijafika darasani, wala lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na mhitimu ataikuta kazini siku ya kwanza.