Gesi asilia, na saa mbili za jioni

Kila mjadala wa umeme unapopamba moto hapa Nairobi, hakosekani mtu wa kuuliza kwa nini tusijenge mtambo wa gesi asilia kama majirani zetu wa Tanzania, ambao wamekuwa wakizalisha umeme kwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo tangu mwaka 2004. Aghalabu hoja huishia kwenye bei ya gesi, ilhali jambo ambalo mpangaji wa umeme hulitazama kwanza ni saa ambazo mtambo huo utahitajika kwa mwaka mzima.

Mahitaji ya Kenya yana umbo linalojulikana. Usiku wa manane, viwanda vingi vikiwa vimefungwa na upepo unaozungusha mitambo ya Loiyangalani ukivuma kwa nguvu, umeme huzidi matumizi kiasi kwamba mvuke wa ardhini wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Lakini kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, jua likiwa limezama na kila nyumba imewasha taa, mahitaji hupanda na kuzidi megawati 2,300. Pengo hilo huzibwa na mabwawa ya Mto Tana, umeme wa Ethiopia, na mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa, Thika na Athi River, ambayo gharama yake tunaikuta kwenye kila tokeni tunayonunua. Hapo ndipo mahali pa gesi: mtambo wake huwashwa kwa muda mfupi, huzimwa bila hasara kubwa, na moshi wake ni afadhali kuliko wa mafuta mazito.

Mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2013 wa kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40 haukuiona gesi hivyo. Ulikusudia mtambo wa takriban megawati 700 huko Dongo Kundu, Mombasa, utakaotumia gesi iliyogeuzwa kimiminika katika baridi ya nyuzi 162 chini ya sufuri na kuletwa kwa meli. Gesi ya namna hiyo kwa kawaida hununuliwa kwa mikataba mirefu, ambayo humlazimu mnunuzi kulipa hata asipoitumia; kwa mahitaji ya saa hizo mbili tu za jioni, huo ni mzigo. (Mpango ule ulififia, nami sikuusikitikia.)

Bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, ambalo serikali hizi mbili zililitilia sahihi makubaliano Mei 2021, linanitia shaka hiyohiyo. Tayari tuna njia ya umeme ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida, iliyoanza kupitisha umeme Desemba 2024. Heri gesi ichomwe kwenye mitambo ya Kinyerezi, Dar es Salaam, sisi tununue umeme. Tatizo ni kwamba Dar es Salaam nayo huwasha taa saa hizohizo. Hivyo mkataba utakaotufaa ni ule utakaotaja megawati za jioni zilizohakikishwa, hasa sasa ambapo bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeipunguzia mitambo ya gesi ya Tanzania mzigo.