Nanga nne za tezi

Dada wa kaunta ya uwanja wa ndege aliipindua pasipoti ya Mzee mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani anatafuta viza. Mara ya pili akaandika kitu kwenye kompyuta yake, akasoma, akaipindua tena. Mara ya tatu akanitazama mimi, si Mzee, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na bahasha ya nakala za watu tisa na kalamu sikioni.

"Hii inaisha baada ya miezi mitano," akasema. "Mnakokwenda wanataka sita."

Nilijua. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba nilijua. Nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake haijabakiza miezi sita kuanzia siku anayoingia, hata kama anakaa siku kumi tu. Na shirika la ndege likimbeba mtu asiyetimiza masharti, mzigo wa kumrudisha alikotoka ni wao, na faini juu yake. Ndiyo maana watu wa kaunta hawabembelezeki. Miezi minne kabla ya safari nilizikagua pasipoti zote mezani kwangu. Ya Mzee ilikuwa imebakiza miezi tisa. Nikaweka alama ya vema, nikaenda kwa inayofuata. Hesabu niliipiga kutoka siku ile niliyokuwa nimekaa pale mezani, si kutoka siku ya safari.

Mzee hakulalamika. Aliichukua pasipoti yake, akaifuta kwa leso kana kwamba imeingia vumbi, akairudisha mfuko wa ndani wa koti. Halafu akalisukuma sanduku lake la kijani hadi miguuni pangu.

"Hili lazima liende," akasema.

Ndani yake mlikuwa na miwani ya kusomea 340. Alikuwa ameipanga mwenyewe kwa wiki kadhaa, kuanzia +1.00 hadi +3.50, kila namba na mfuko wake, kila mfuko umeandikwa kwa mkono wake unaotetemeka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yake: kumkalisha mtu, kumpa Neno alisome kwa karibu, kumjaribishia miwani moja baada ya nyingine mpaka uso wake ubadilike. Sisi wengine wanane tulikuwa na kuimba na kuhubiri. Mzee alikuwa na sanduku.

Mchungaji akatukusanya kando ya nguzo. Tukashikana mikono, akakemea. Alikemea roho ya kuzuia na roho ya kuchelewesha, akamkemea kila mkuu wa anga aliyejipanga juu ya safari yetu. Wenzangu wakaitikia kwa nguvu hadi mlinzi akageuka kututazama. Na mimi nikaitikia amina. Nilifumba macho nikasema amina juu ya kosa ambalo nilikuwa nimelifanya kwa kalamu yangu mwenyewe, na nikamwachia shetani alibebe.

Sitaitaja nchi tuliyokwenda. Kanisa lililotupokea ni dogo, na waliomba hivyo. Viwanja vya ndege navyo nitaviacha, kwa sababu hakuna aliyetukosea huko. Ningependa awepo.

Maana kosa la pili nalo lilikuwa langu. Tiketi nilikuwa nimezikata vipande viwili, shirika moja hadi katikati, shirika lingine kutoka pale hadi mwisho, kila moja na namba yake ya hifadhi. Ilikuwa nafuu, na kamati ya misheni ilinipigia makofi. Ambacho hakuna aliyeniuliza ni hiki: ndege ya kwanza ikichelewa, nani anawajibika? Ukiwa na tiketi moja, wakikukosesha ndege ya pili wanakutafutia nyingine. Ukiwa na mbili, shirika la pili linakuona kama mtu aliyechelewa kutoka nyumbani kwake. Ndege yetu ya kwanza ilichelewa saa mbili na nusu kuondoka. Tulipofika langoni, mlango ulikuwa umefungwa, na kupitia kioo ndege ilikuwa bado pale, imetulia, mtu anaikagua matairi.

Ndipo nikatazama kile kipande cha kibandiko cha mizigo ambacho wanakubandikia kwenye tiketi. Kina herufi tatu kubwa, ndizo jina fupi la uwanja ambako begi linakwenda. Nilikuwa nimekibeba saa zote zile bila kukisoma. Herufi zilikuwa za uwanja ule ule tuliosimama. Mabegi kumi na moja, pamoja na la kijani, yalikuwa yameshashuka na kuzunguka kwenye mkanda upande wa pili wa uhamiaji, na sisi hatukuwa na viza ya kuvuka kwenda kuyachukua.

Hapo Mchungaji hakukemea tena. Alikaa chini.

Tulilala pale usiku wa kwanza na wa pili. Taa za uwanja wa ndege hazizimwi, na tangazo la kutoacha mizigo bila mwangalizi lilikuwa likirudiwa muda wote, jambo ambalo kijana wetu wa vyombo vya muziki aliliona la kuchekesha sana mpaka likaacha kuchekesha. Mama mmoja katika kundi letu alivua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba, akavilalia. Mimi sikulala. Nilisogea karibu na vyoo, ambako kulikuwa na baridi kidogo, nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 27, ile safari ya Paulo mfungwa kwa merikebu.

Nilikuwa nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na kila mara ilikuwa dhoruba ya adui dhidi ya mtumishi. Usiku ule nilimtafuta adui nikamkosa. Luka, aliyekiandika kitabu, hamtaji. Anataja upepo, na upepo ule una jina, Eurakilo. Anataja majira: siku ya kufunga ilikuwa imeshapita, maana yake vuli imeingia na bahari si ya kuaminika. Anataja kwamba Paulo alionya, lakini yule akida aliyekuwa akimsindikiza, Yulio, akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Anataja kwamba bandari waliyokuwapo, Bandari Nzuri, haikufaa kukaa wakati wa baridi, basi wengi wakashauri watoke. Ni taarifa ya mtu aliyekuwamo ndani ya chombo na anayekumbuka nani aliamua nini. Watu 276 waliingia matatani kwa sababu ya kalenda, haraka, na kikao kilichopiga kura vibaya.

Sisemi kwamba Paulo hakuwa na habari za kuzuiwa na shetani. Aliwaandikia Wathesalonike hivyo hivyo, kwamba alitaka kuwaendea zaidi ya mara moja na Shetani akamzuia. Lakini katika Matendo 16 aliyewazuia kwenda Asia na Bithinia ni Roho mwenyewe. Na hapa kwenye 27 ni upepo na uamuzi mbaya. Mtu mmoja, njia tatu zilizofungwa, na hazikufungwa na mkono mmoja. Mimi nilikuwa na jibu moja tu kwa kila lango lililofungwa, na jibu lenyewe, kwa bahati nzuri kabisa, lilikuwa halinihusu.

Kuna hadithi nyingine tunayoipenda sana sisi watu wa misheni, ya mmisionari Mwingereza William Carey. Mwaka 1793 alikuwa ameshapanda meli ya kwenda India, akashushwa kwa sababu yeye na wenzake hawakuwa na kibali cha Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza. Mkewe, Dorothy, alikuwa amekataa kwenda. Kwa kucheleweshwa kule Carey alipata nafasi ya kurudi nyumbani, safari hii mke akakubali, wakaondoka wote mwezi Juni kwa meli ya Wadenmarki. Hapo ndipo mhubiri hufunga Biblia: mnaona, kuchelewa kulikuwa baraka! Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo. Sikuwaambia wanafunzi wangu kwamba mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka 5, alikufa kwa kuhara damu huko huko, wala kwamba Dorothy alipoteza akili na hakupona hadi alipofariki mwaka 1807. Sijui tuiite nini ile meli iliyowashusha. Nimeacha kuipa jina.

Nikarudi kwa Luka. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima kina, pima 20. Wanasogea kidogo, wanapima tena, pima 15. Basi wanatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma ya chombo, wanaomba kuche. Nilikaa na maneno hayo mawili pale karibu na vyoo kwa muda mrefu. Kuomba kuche. Hawakuomba upepo ukemewe. Walikuwa wameshatupa nanga zao, kilichobaki kilikuwa asubuhi.

Basi nikaamka nikaanza kutupa zangu. Nilipanga foleni dawati la uhamisho, nikaeleza kwa unyonge wote kwamba tiketi ni mbili na kosa ni langu. Yule kaka alinitazama, nadhani hakuwa amezoea, akaanza kutafuta viti. Nikampa namba za vibandiko vyote kumi na moja ili atume mtu upande wa pili. Nikawapigia wenyeji wetu wasije kutupokea. Kulipokucha tulikuwa na viti vya kesho yake, na mabegi manne yamepatikana. La kijani halikuwamo.

Tulipofika tulijaza ripoti ya mizigo kabla ya kutoka nje. Hili nililifanya vizuri, niachieni nijisifu: ukishatoka ukumbi ule bila ile karatasi, kudai kunakuwa kugumu. Wanakupa namba ya herufi tano na tarakimu tano ya kufuatilia. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, begi lisipopatikana ndani ya siku 21 unaweza kulidai kama limepotea. Sisi tulikuwa na siku nane zilizobaki.

Siku zenyewe nitazipita haraka, maana tuliimba na kuhubiri kama tulivyopanga, na nadhani wenyeji walituvumilia. Ninachokumbuka ni mama mmoja mstaafu, mwalimu, aliyekuwa akikaa benchi la mbele. Alishika kitabu cha nyimbo kwa mkono ulionyooka kabisa, kichwa kimevutwa nyuma, kama mtu anayemwogopa paka. Mkalimani alinitafsiria alichosema: macho yangu ni mazima, mkono ndio umekuwa mfupi. Walishaambiwa habari za miwani. Kila jioni aliuliza kama sanduku limefika, na kila jioni nilifungua simu nikaingiza ile namba mbele yake ili aone kwamba sidanganyi.

Sanduku lilifika siku moja baada ya sisi kuondoka.

Wenyeji walilichukua uwanjani, wakalifungua, wakaona mifuko yenye namba. Hakuna aliyewafundisha. Waliweka meza, wakaweka kitabu cha nyimbo, wakawaita watu mmoja mmoja. Kwa siku mbili walimaliza yote 340. Kukiri ni vizuri: niliposoma ujumbe ule kitu cha kwanza nilichohisi si furaha. Tulikuwa tumelala sakafuni siku mbili ili tufike, na kazi iliyobaki ya kudumu katika safari nzima ilifanywa na watu wa pale na mwandiko wa mzee ambaye hakupanda ndege. Walituma picha. Yule mama mwalimu yuko benchi la mbele, kitabu kiko karibu na kifua, na kwenye kioo cha kushoto kibandiko kidogo bado kipo: +2.50. Anasoma kwa kukizunguka.

Jumapili ya ushuhuda Mchungaji alinipa kipaza sauti nisimulie jinsi adui alivyopigana nasi. Nikasimulia pasipoti, tiketi mbili, na kibandiko nisichokisoma. Kanisa likawa kimya, ule ukimya wa watu wasiojua kama wapige makofi. Mchungaji akakohoa. Baadaye aliniambia ningemwambia kwanza yeye faraghani, na hapo ana haki. Nilimwaibisha kwa sababu ya maombi yale ya nguzoni. Tumeyamaliza. Siku hizi kabla ya kununua tiketi tunakaa wote, kila mmoja anasoma kwa sauti tarehe ya mwisho ya pasipoti ya jirani yake, na kadi ya homa ya manjano tunaiangalia tarehe ya sindano, kwa kuwa chanjo haihesabiki mpaka zipite siku 10. Na miwani inagawanywa katika mabegi yote.

Mzee nilimwendea nyumbani jioni ile ile. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti. Alinikalisha, akanisikiliza hadi mwisho, akacheka polepole.

"Binti yangu, ile tarehe niliiona mimi mwenyewe. Siku uliponirudishia pasipoti baada ya kunakili. Nikasema, huyu ana bahasha, ana kalamu, atakuwa anajua. Nikaona haya kuuliza."

Tukanyamaza wote wawili. Halafu akaomba aione tena ile picha. Akaisogeza simu mbali, mkono umenyooka, kwa kuwa miwani yake mwenyewe alikuwa ameiacha chumbani.

"Na huyu mama," akasema, "hawajambandulia hicho kibandiko?"

Nikamwambia mpaka jana, bado.