Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafuta Mayai Ndani ya Madume

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunapakia gari mjini Kitchener, jimbo la Ontario, Kanada: ndoo, pampu za hewa, na mashine ya umeme inayobebwa mgongoni. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba huku tunavua kwa umeme, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama serikali inajua. Inajua, tuna kibali.

Saa mbili tunaingia mto Grand, chini kidogo ya bomba linalomwaga maji kutoka mtambo wa kusafisha maji taka ya mji. Tunamtafuta Etheostoma caeruleum, samaki asiyezidi urefu wa kidole, ambaye hana kibofu cha hewa, hivyo hukaa sakafuni kati ya mawe na hasafiri mbali. Ndiyo maana anatufaa: lililompata mwilini limempata hapa hapa. Huu ni mwezi wa Mei, na madume yamejipamba kwa rangi ya chungwa na buluu, tayari kuzaliana.

Saa nne na nusu tunapanda mto hadi juu ya bomba, ambako maji yake hayafiki, kuvua samaki wa kulinganisha. Vidole vimekufa ganzi.

Saa saba mchana, maabara. Kila samaki hupimwa urefu na uzito, kisha korodani hutolewa, hupimwa na kuhifadhiwa.

Saa tisa ndipo kazi yangu hasa inapoanza, kwani nakaa kwenye hadubini na sampuli za msimu uliopita, zilizogandishwa kwenye nta, zikakatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Mbegu za kiume huonekana kama vumbi. Yai changa likiwamo, hujitokeza kama duara kubwa lisilofichika. Kati ya 2007 na 2012, karibu na bomba hili, madume 70 hadi 100 katika kila 100 yalikutwa na mayai ya namna hiyo. Kisha mtambo ukaboreshwa ili bakteria wapate hewa ya kutosha kugeuza amonia kuwa naitreti, na kufikia 2015 idadi ilikuwa chini ya 10. Hakuna kemikali moja iliyothibitishwa kuwa ndiyo chanzo, ila nguvu ya maji yale ya kuiga homoni za kike ilipungua.

Saa kumi na moja mwanafunzi mpya ananiuliza kama kosa ni la vidonge vya uzazi wa mpango. Namweleza kuhusu Ziwa 260, katika jimbo hili hili, ambako watafiti walitia homoni ya vidonge hivyo tangu 2001 hadi 2003, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, na samaki wadogo aina ya Pimephales promelas wakakaribia kutoweka baada ya madume kuanza kutengeneza protini ya kiini cha yai. Hata hivyo sipendi wanawake wanavyotupiwa lawama peke yao, kwa sababu estrojeni (homoni ya kike) ya asili hutoka katika mkojo wa kila mtu, wanaume wakiwamo.

Saa moja jioni, kwenye kioo cha mwisho chenye sampuli, naona duara. Nakizungusha, nahesabu upya, naandika 1.